Ukipata jarida la zamani la katuni, usilifanye jipya

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko huku Nyanda za Juu Kusini mnaopenda kupekua vitabu vya mtumba. Humo, katikati ya vitabu vya kemia visivyo na jalada na riwaya zilizochakaa, mara mojamoja hutokea jarida la katuni la miaka ya themanini. Wengi wakilipata hukimbilia kuliuza kwa sababu wamesikia katuni za zamani ni dili, au hulipeleka steshenari likapigwe laminesheni. Yote mawili yananiuma.

Langu nililipata sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, chini ya rundo lililomwagwa kwenye turubai. Jalada ni la rangi, ndani ni nyeusi na nyeupe tupu. Pini zimeshika kutu na kuacha madoa mawili ya rangi ya chai kwenye kurasa za katikati. Pembeni mwa ukurasa mmoja mtu amejumlisha magunia ya viazi kwa penseli, na mbele kidogo kuna mtoto aliyemchorea shujaa masharubu kwa peni ya bluu. Nilipouliza bei, muuzaji alishangaa. "Chukua tu dada, hayo ya picha huwa nampaga mama wa karanga afungie."

Kitu cha kwanza kufanya ukifika nyumbani ni kutafuta yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, ndani ya jalada au chini ya ukurasa wa mwanzo. Hapo ndipo penye jina la mchapishaji, mwezi, mwaka na namba ya toleo. Yanakupa majibu mengi kuliko picha ya jalada. Langu liliniambia kwamba ni Warrior, jarida la Uingereza la mwaka 1982.

Sasa fikiria mwaka 1982 nchini kwetu. Fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, na sukari na sabuni zilikuwa za foleni. Sioni duka la hapa ambalo lingeagiza jarida la katuni kutoka London. Kwa vyovyote lilikuja kwenye begi la mtu, mwalimu wa kujitolea au mmisionari au mwanafunzi aliyerudi na shahada, likabaki kwenye boksi mpaka boksi likauzwa kwa kilo.

Warrior lilitoka matoleo 26, kuanzia Machi 1982 hadi Januari 1985. Mhariri na mchapishaji wake alikuwa Dez Skinn. Halikuwa jarida la shujaa mmoja. Kila toleo lilibeba hadithi kadhaa fupifupi zinazoendelea, kila moja na mwandishi wake na mchoraji wake: hapa mashujaa wenye nguvu za ajabu, pale falme za kale na wachawi, kurasa chache mbele watu wa anga za mbali. Waliopata kusoma Sani wakiwa wadogo, wakimfuata Ndumilakuwili na Madenge ndani ya jarida moja, mtauelewa mpangilio huo bila shida.

Ushauri wangu kwenye kulisoma ni huu: usianze na hadithi iliyochorwa jaladani. Soma kurasa zote kwa mfululizo, hata hadithi unayoikuta katikati na huwajui waliomo. Jarida la namna hii lilipangwa na mhariri aliyejua nini kikae kando ya nini, na ukiruka unapoteza kazi yake. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kumpenda Marvelman, shujaa aliyebuniwa Uingereza mwaka 1954 na Mick Anglo kwa sababu katuni za Captain Marvel kutoka Marekani zilikuwa zimekatika. Kwenye Warrior, mwandishi Alan Moore alimrudisha akiwa mtu mzima mwenye mke, kazi ya uandishi wa habari na maumivu ya kichwa, aliyesahau kabisa kwamba aliwahi kuruka angani. Ni hadithi nzuri kwelikweli. Lakini iliyonishika ni ile ya kando yake, V for Vendetta, ambayo Moore huyohuyo aliiandika na David Lloyd akaichora kwa weusi mzito, uso wa mtu unatokea gizani kwa mistari miwili mitatu tu. Ule uso wa kinyago wenye tabasamu na masharubu yaliyopinda, ambao leo unauona kwenye stika za bajaji na picha za vijana mitandaoni, unatokana na kalamu ya Lloyd humo. Kuukuta ukiwa bado mchanga, kwenye karatasi ya njano iliyonusurika kufungia karanga, kulinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Jiandae pia kukatishwa hamu. Hadithi hizo zote mbili hazikuisha humo, kwa sababu jarida lilikufa kabla yake. V for Vendetta ilikuja kumaliziwa Marekani na kampuni ya katuni ya DC, mwaka 1988 hadi 1989, safari hii ikiwa na rangi. Marvelman alihamia Marekani mwaka 1985 na kubadilishwa jina kuwa Miracleman, na mvutano juu ya nani anammiliki ukaendelea kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukifika ukurasa wa mwisho na hadithi ikakuachia njiani, andika jina la hadithi, mwandishi na mchoraji. Kwa majina hayo ndipo utapata mwendelezo, maana mara nyingi ulichapwa baadaye kama kitabu kizima. Na usimwachie mtoto kabla hujasoma mwenyewe. Neno katuni lisikudanganye. Humo kuna mauaji na mambo ya wakubwa.

Kwenye utunzaji ndiko nataka tusikilizane vizuri, kwa sababu hali ya hewa yetu haina huruma na karatasi. Majarida mengi ya wakati ule yalichapwa kwenye karatasi ya bei nafuu, ambayo mti wake ulisagwa bila kuondolewa lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikipata mwanga na hewa hugeuka njano na kuzalisha asidi, na asidi hiyo ndiyo inayofanya ukurasa ukatike ukiukunja. Laminesheni haizuii jambo hilo. Inaifungia asidi ndani, na gundi yake ikishayeyuka kwa moto na kushika karatasi, huwezi kuirudisha nyuma. Solotepu nayo baada ya miaka huacha doa la kahawia linalozama mpaka ukurasa wa pili. Ukurasa umechanika? Uache ulivyochanika.

Kuanzia Novemba mpaka mwezi wa tano, na zaidi kwa watu wa Tukuyu, adui ni unyevu. Usiliweke kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje, wala sakafuni. Lilaze, usilisimamishe, katikati ya vipande viwili vya kadibodi safi, kwenye chumba cha ndani mbali na jiko la mkaa. Likilowa, lisikaushwe juani wala jikoni; litandaze kivulini penye upepo na upachike karatasi nyeupe katikati ya kurasa, ukibadilisha kila zinapolowa. Kama lina wadudu na unamjua mtu mwenye friza inayogandisha vizuri, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, likae wiki mbili, kisha ulitoe na kusubiri lizoee joto la chumba kabla ya kuufungua.

Yale magunia ya viazi sikuyafuta, na sitayafuta. Hata masharubu ya bluu. Kifutio huondoa wino wa chapa pamoja na penseli, halafu maandishi hayo ndiyo ushahidi pekee nilionao kwamba jarida hili liliishi huku kwetu.

Kuhusu hela, bei unazoziona mtandaoni ni bei ambazo wauzaji wanaomba. Tazama zile ambazo watu wamekwisha kulipa, kwa toleo lilelile na uchakavu uleule. Lenye kutu na masharubu halitakujengea nyumba. Na usipige picha kurasa zote ukazimwaga kwenye magrupu. Hadithi hizo zina wenyewe hadi leo.

La mwisho, na hili lifanye siku ileile: rudi kwa muuzaji umuulize boksi lilitoka wapi na nini kingine kilikuwemo. Mtu aliyenunua toleo moja la jarida la hadithi zinazoendelea, kwa kawaida alinunua na lililofuata. Mwachie namba yako ya simu na mpe bei itakayomzidi mama wa karanga.