Mbwa wa Jirani na Mvua ya Aprili

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22, ninakaa South C, Nairobi. Jirani zetu wanakwenda Mombasa siku kumi, wameniomba nilale kwao niwaangalizie mbwa wao mkubwa na paka aliyezaa juzi. Nimekubali. Sasa Idara ya Hali ya Hewa inatabiri mvua kubwa wiki hiyohiyo, na huyo mbwa hata radi ya mbali humtia kiwewe. Nijiandae vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aprili 2024 maji yalipovamia mtaa wetu, mbwa wa nyumba ya pili alikuwa amefungwa mnyororo kwenye kibanda chake nyuma. Tulimsikia saa tisa za usiku. Soja wa geti aliruka ukuta akamfungua, na maji yalishamfika tumboni. Ndiyo maana naanza na mnyororo: usiku wa mvua mbwa hafungwi, wala halali kibandani. Waombe wenyewe stoo au chumba chenye sakafu iliyoinuka. Mzoeshe mchana kukiwa kukavu, mlishie humo mara mbili tatu, ili ngurumo zikianza pasiwe pageni kwake.

Akitetemeka, funga mapazia, washa redio, kaa karibu naye. Usimpe dawa ya binadamu ati atulie. Brufen humharibia mbwa tumbo na figo, na kwa paka, kidonge kimoja cha Panadol chaweza kuwa kifo.

Paka mwenyewe hana makuu. Boksi la watoto wake liwekwe mahali pa juu, pakavu, kabla mvua haijaanza, kisha muache. Ukimchungulia kila saa atawabeba mmoja mmoja kwa mdomo, na utawatafuta hadi chini ya sinki.

Sasa chakula, maana hapa ndipo vijana hukwama. Mbwa wengi wa mtaani kwetu hula sima na omena au matumbo, na hivyo vinahitaji moto. Tikisa mtungi wa gesi kabla hawajaondoka; ukiwa mwepesi waujaze wao, si wewe. Stima ikipotea, friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa muda wa kama saa nne tu, kwa hiyo usijaze matumbo ya wiki nzima. Nunua ya siku mbili, na omena kavu iwe akiba. Nunua tokeni za stima mapema pia. Pampu haisukumi maji bila stima, basi jaza mitungi: mbwa wa kilo 25 hunywa kama lita moja na nusu kwa siku, na wewe nawe utaoga.

Waambie wakuonyeshe swichi kubwa ya stima na ufunguo wa kufungulia geti kwa mkono. Maji yakianza kuingia, zima swichi hiyo ungali umesimama pakavu, yakishaifikia, usiiguse. Mtaro wa mbele uzibuliwe wiki hii. Usingoje kaunti.

Maji ya mafuriko huchanganyika na mkojo wa panya, na humo ndimo hutoka homa ya mgunda (leptospirosis), inayoshika mtu na mbwa. Vaa gambuti, na usimwache anywe kwenye madimbwi. Uliza pia kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye hofu huweza kumng'ata hata anayempenda. Likitokea, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwisho, pesa. Najua unaona haya, ni jirani. Lakini nambari ya daktari wa mifugo, na nani atamlipa mbwa akiugua, viandikwe kwenye karatasi kabla mabegi hayajaingia garini. Ujira wako uwe kwenye karatasi hiyohiyo, nusu itumwe kwa M-Pesa kabla hawajafika Mtito Andei, nusu ya safari.