Nataka kwenda Msumbiji kuhudumia waathirika wa kimbunga, lakini mama hajaridhia

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni muuguzi, naishi Mtwara. Kimbunga Chido kilipopiga Cabo Delgado Desemba 2024 niliumia sana kukaa nikitazama tu, maana wale ng'ambo ya Ruvuma ni ndugu zetu. Nimeazimia msimu ujao wa vimbunga nijitolee na taasisi ya misaada kwa miezi mitatu. Mama yangu ni mjane, amekataa; anaogopa vita na kipindupindu. Nina pia mkopo wa SACCOS unaokatwa kwenye mshahara. Je, nikienda bila ridhaa yake nitapata dhambi? Na ile Hadithi ya kutoingia penye maradhi inanihusu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Allah akulipe kwa nia yako. Katika Suratul Maida, aya ya 32, Allah amemfananisha mwenye kuihuisha nafsi moja na aliyewahuisha watu wote, na uuguzi ni mlango mpana wa kheri hiyo.

Nianze na mama, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Mtu alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba ruhusa ya kwenda jihadi. Akamuuliza: "Wazazi wako wako hai?" Akasema ndiyo. Akamwambia: "Basi fanya jihadi kwa hao." Imepokewa na Bukhari na Muslim. Kuwasaidia waathirika ni faradhi ya kutosheleza. Wakisimama wengine, wewe huna lawama. Kumtazama mama mjane hakuna wa kukusimamia ikiwa anakutegemea wewe peke yako. Kwa hiyo usiondoke kwa siri, wala usimpigie simu ukiwa umeshavuka.

Lakini usikate tamaa mapema. Kaa naye, umsikilize anachokiogopa. Vita ya Cabo Delgado si uvumi, imeanza Oktoba 2017 na imewahamisha watu wengi, kwa hiyo hofu yake ina msingi. Mwambie utapangiwa wilaya gani, nani anasimamia usalama wenu, na nani atabaki naye nyumbani. Mtafute mjomba au mtu mzima anayemheshimu azungumze naye. Akiridhia, nenda na dua zake. Akikataa kabisa, baki, wala usidhani umepoteza. Mtume (s.a.w.) akirudi kutoka vita vya Tabuk aliwaambia maswahaba waliokuwa naye kwamba kuna watu Madina, hamkupita njia wala hamkukata bonde ila walikuwa pamoja nanyi, udhuru ndio uliowazuia. Wengine wakienda, wewe unaweza kuwafundisha kabla hawajasafiri, au kuchangia dawa.

Mkopo nao si jambo dogo. Shahidi, yaani aliyeuawa katika njia ya Allah, husamehewa kila kitu isipokuwa deni, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Ukichukua likizo bila malipo, makato yatasimama, na wadhamini wako ndio watakaodaiwa. Hiyo ni dhulma juu ya watu waliokuamini. Ama ulipe marejesho ya miezi hiyo kabla, ama ukubaliane na chama kwa maandishi na wadhamini wakijua. Acha na matumizi ya nyumbani, kisha andika wasia, uonyeshe unachodai na unachodaiwa. Mtume (s.a.w.) hakumruhusu Mwislamu mwenye cha kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuandikwa.

Kuhusu maradhi: Hadithi ya tauni ni sahihi, na kwayo Umar (r.a.) aliungwa mkono aliporudi na watu wake kutoka Sargh, njiani kuelekea Sham palipokuwa na tauni. Lakini katazo linamlenga anayeingia bila haja akaongeza idadi ya wagonjwa. Tabibu ana haja, na wenye maradhi wana haja naye, kwa sharti achukue kinga. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula, hilo unalijua kuliko mimi. Pata chanjo yake ya kunywa, beba dawa ya kutibu maji na kinga ya malaria. Kuipuuza kinga kwa jina la tawakkul, yaani kumtegemea Allah, ni makosa, maana ukilala kitandani umechukua nafasi ya mgonjwa uliyekwenda kumhudumia.

Ingia kwa pasipoti na vibali. Usivuke mto kwa mtumbwi wa kificho na begi la dawa, hasa eneo lile lenye askari.

Ukinuia kukaa huko siku nne au zaidi mahali pamoja, mbali na ya kufika na ya kuondoka, kwa madhehebu ya Shafii utasali kamili, bila kupunguza rakaa kama msafiri. Jifunze pia mambo ya maiti. Aliyekufa maji au kwa kuangukiwa na jengo ni shahidi wa Akhera, yaani hupata thawabu za shahidi huko, lakini huoshwa na kusaliwa. Mwili ulioharibika kiasi cha kutooshwa hutayamamishwa, yaani hupakwa udongo safi badala ya maji. Makaburi yakishindikana, maiti zaidi ya mmoja huzikwa pamoja, kama ilivyofanyika katika vita vya Uhud.

Utakaowahudumia watakuwa Waislamu na Wakristo. Usiulize dini kabla ya kufunga jeraha; Suratul Mumtahina, aya ya 8, imeruhusu wazi kuwatendea wema wasiotupiga vita. Na usimpige picha mtu aliyepoteza nyumba na nguo ili uirushe kwenye simu. Stara yake ni amana kwako hata kama hajui kuidai.

Anza na mama wiki hii, kabla hujajaza fomu yoyote. Wallahu aalam.