Ndoto ya maji, na jinsi nilivyoacha kuikimbia

Desemba 2011 nilikuwa kidato cha pili, tunakaa bondeni kule Msimbazi, ile mvua iliyofanya watu wahamishiwe Mabwepande. Nyumbani tulitoka wote wazima, tukapoteza magodoro na TV basi. Ila mi ndoto ndo ikabaki. Ile ile kila mara: maji yanapanda, nashika komeo la mlango halifunguki, yanafika kidevuni, nashtuka jasho linanitoka na waifu ananitingisha kwa sababu naweweseka. Inaweza kupotea mwezi mzima halafu wiki moja inakuja mara tatu.

Bi mkubwa aliniambia nisome dua nigeukie ubavu wa pili. Nilifanya, na sibezi, inatuliza kweli, ila ndoto ilikuwa inarudi tu.

Kilichoanza kusaidia ni daftari. Mchana kweupe, sio usiku, nikaiandika ndoto kama ilivyo alafu mwisho nikaubadilisha: komeo linafunguka, nje kuna mtumbwi, jirani ananipa mkono. Usicheke. Kila siku kama dakika 10 naipitia kichwani na ule mwisho mpya. Hii ni tiba kabisa, madaktari wa usingizi wanaitumia.

Ya pili ni kujua kuwa unaota ukiwa humo humo ndotoni. Sio uchawi, 1975 huko Uingereza Keith Hearne alirekodi mtu aliyelala akimpa ishara ya macho waliyokubaliana kabla, maana mwili ukiwa ndotoni unalegea ila macho yanacheza. Zoezi lake ni kujiuliza mchana "hivi naota?" na kuhesabu vidole, ndotoni huwa havikai sawa. Mi nilichagua nihesabu kila mwendokasi ikipita Jangwani, siku moja mama wa siti ya pembeni akaniuliza, mwanangu, unadaiwa shilingi ngapi? Kuna wanaoshauri ubonyeze swichi, taa isipowaka ujue unaota. Kwa Dar hiyo sahau, utaota mwaka mzima.

Ilichukua kama miezi miwili. Siku hiyo niliamka na adhana ya alfajiri nikaswali nikarudi kulala, na ndoto ndefu ziko masaa hayo ya mwisho. Maji yakaja. Nikaangalia mkono kwenye komeo, vidole saba. Ah, kumbe. Sikupaa wala nini, nilikaa tu chini, maji yakanipita kichwa na mi napumua.

Ila usingizi ukiwa mbovu haya yote kazi bure. Nilikuwa nalala saa nane usiku simu mkononi, kahawa ya kijiweni hadi saa mbili usiku, chumba joto kama tanuru. Sasa kahawa mwisho mchana, naoga maji ya baridi, feni naielekeza kwenye chandarua, saa tano nimelala. Wale wa bia mbili za kutafutia usingizi, pombe ikipungua mwilini usiku wa manane ndo ndoto zinakuja kwa fujo. Na usijiamshe kwa alamu kila usiku eti unafanya zoezi, utachoka bure. Ukianza dawa za presha ukaona unaota vibaya mwambie daktari, usiache mwenyewe. Ukifika hatua ya kuogopa hata kulala, pale Muhimbili kuna wataalamu wa afya ya akili, nenda.

Masika hii imekuja mara mbili tu, na mojawapo waifu hata hakuamka.