Panya Kwenye Kapeti: Maswali Yenu Kuhusu Paka Wawindaji

Safari hii maswali ya paka yamezidi ya mbwa, na karibu yote yanahusu kile kinachokutwa asubuhi mlangoni, kapetini au, kwa msomaji mmoja mwenye bahati mbaya, ndani ya kiatu.

Paka wangu anakula anashiba. Kwa nini bado ananiletea panya, tena hamli?

Kwa paka, njaa ni kitu kimoja na kuwinda ni kingine. Mnyama huyu alizoea kuishi kwa mawindo madogo madogo, kadhaa kwa siku, na mara nyingi anakurupuka na kukosa. Angesubiri tumbo lidai ndipo atoke, angelala njaa. Ndiyo maana hata aliyeshiba, akisikia kitu kinachakura kwenye majani, masikio yanasimama.

Kuhusu kukuletea, wengi husema ni zawadi. Mimi siamini sana. Wengine husema anakufundisha kuwinda, kwa kuwa paka mwenye watoto huwaletea mawindo, kwanza yaliyokufa kisha yaliyo hai. Lakini hata madume waliohasiwa huleta! Ninaloliona lina mantiki zaidi ni kwamba nyumbani ndipo mahali pake salama. Anabeba windo lake hadi huko, anakuta bakuli lina kitu kitamu zaidi, panya anatelekezwa.

Na usidhani unayaona yote. Huko Georgia, Marekani, watafiti waliwavisha paka 55 kamera ndogo shingoni. Katika mawindo yaliyonaswa, takriban asilimia 23 tu ndiyo yaliyofikishwa nyumbani; karibu nusu yaliachwa palepale yalipokamatwa.

Nimemvisha kengele shingoni, lakini ndege wanakuja vilevile. Nifanye nini?

Kengele ina sifa kuliko kazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliotoka mwaka 2021 na kuhusisha paka 355, haukuona tofauti ya maana kwa waliovaa kengele. Kilichosaidia ni chakula: paka waliopewa chakula chenye protini nyingi ya nyama, kisicho na nafaka, walipunguza mawindo waliyoleta kwa asilimia 36. Kola ya kitambaa cha rangi kali ilipunguza ndege kwa asilimia 42, kwani ndege huona rangi vizuri. Panya haikuwasaidia kitu. Bakuli za fumbo, zile zinazomlazimu paka ahangaike kutoa chakula, ziliongeza mawindo kwa asilimia 33, jambo lililonishangaza kidogo.

Kucheza naye dakika tano hadi kumi kila siku kulipunguza asilimia 25, na hili halina gharama. Ila wengi wanakosea namna. Ukimpungia manyoya usoni, anakuangalia tu, maana hakuna windo linalomfuata mwindaji. Funga manyoya kwenye uzi, uyavute taratibu pembezoni mwa ukuta yakimkimbia, yapotee nyuma ya mguu wa kiti, yatulie, kisha yatikisike kidogo. Utaona makalio yanaanza kucheza kabla ya kuruka. Mwache akamate, halafu mpe chakula chake. Ukimaliza, ficha uzi. Akiumeza unaweza kumkata utumbo.

Ukiweza, mfungie ndani kuanzia machweo hadi baada ya alfajiri. Ndizo saa zake za kazi.

Jirani anatega sumu ya panya. Paka wangu anaweza kudhurika kwa kumla panya huyo?

Anaweza, na hili ndilo swali lililonigusa kuliko yote leo. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya haanguki papo hapo. Anazubaa siku kadhaa, anatembea kwa kuyumba mchana kweupe, na panya wa namna hiyo ndiye rahisi kukamatwa. Paka naye hataonyesha dalili siku ileile. Zinakuja baada ya siku chache: uchovu, fizi zilizopauka, kuhema kwa shida, damu puani au kwenye kinyesi.

Usisubiri dalili. Ukijua kala panya wa sumu, nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na ukipata pakiti ya sumu hiyo ichukue. Zile zinazozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1, kwa kawaida kwa wiki kadhaa, lakini zipo sumu nyingine ambazo K1 haizigusi, kwa hiyo jina la sumu linaokoa muda. Maziwa hayaui sumu hii, hata kama kila mtu anakuambia hivyo. Na jirani azungumzwe naye kwa upole. Mitego ya kubana ipo.

Kaleta ndege mzima, anapumua, haonekani na jeraha. Nimwachie aruke?

Bado. Kitundu cha jino la paka hufichika chini ya manyoya, na mate yake yana bakteria wanaoweza kumuua ndege ndani ya siku moja au mbili. Mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali pa giza na tulivu, usimlazimishe maji, mpeleke kwa daktari ili apewe antibayotiki. Akileta popo, usimshike kwa mkono mtupu kabisa: popo wanaweza kubeba kichaa cha mbwa.

Mke wangu ni mjamzito. Tumfukuze paka?

Hapana, kaka. Hofu ni toksoplasma, vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ambavyo paka huvipata kwa kula panya na ndege. Vijidudu vinavyotoka na kinyesi chake huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Basi kinyesi kitolewe kila siku, na wewe ndiye ukitoe. Mama avae glavu akishika udongo, mboga zioshwe, nyama iive. Nayo nyama mbichi huambukiza.

Nimchape akileta?

Usimchape. Hataunganisha kipigo na panya. Atakachojifunza ni kumlia chini ya kitanda chako, na utagundua kwa harufu.