Ukikwama na nomino dhahania, mtafute mtu kwanza

Jana jioni tuko barazani hapa Kisauni na viazi karai vyetu, mpwa wangu akaniletea daftari la zoezi la kuunda nomino dhahania, yaani majina ya hali, sifa au matendo, kama uzuri na furaha, kaandika "iba – uiba" na kalamu nyekundu imepita juu. Mjomba, si walitwambia tutie u- mbele? Nikacheka manake mie mwenyewe nilipokuwa la saba niliandika "ufuraha" darasa zima likanicheka.

Hiyo u- ya kubandika tu mbele inafanya kazi kwenye sifa, zuri uzuri, safi usafi, na majina ya watu, rafiki urafiki, jirani ujirani. Kwenye -ema na -ingi inageuka w, wema, wingi, lakini -ovu inabaki uovu, hapo skiza sikio lako tu.

Vitenzi ndo balaa. Njia nliyompa ni hii, usikimbilie jibu, pitia kwa mtu anayefanya hicho kitendo. Anayeiba ni nani? Mwizi. Haya toa ile m- ya mtu, tia u-, wizi. Anayelewa mlevi, ulevi. Anayepika mpishi, upishi. Jenga, mjenzi, ujenzi. Fuata, mfuasi, ufuasi. Unaona zile herufi zinavyobadilika zenyewe, k inakuwa sh, g inakuwa z, t inakuwa s, na wewe hujakariri chochote kwa sababu mtu umeshamjua tangu utotoni (na utoto wenyewe ni dhahania, sijui kama umenotisi).

Haishiki kote lakini. Samehe inatoa msamaha, cheka kicheko, na furahi ni furaha basi, haitaki u- kabisa, hizo meza tu kama dawa.

Halafu ile maana ya dhahania ya shuleni, "ni kitu usichoweza kugusa", mie siipendi. Upepo wa pale feri Likoni unaushika? Na si dhahania, unakupiga usoni. Afadhali ujiulize, hiki kitu kinaweza kukaa bila mwenyewe? Uzuri lazima uwe wa kitu fulani, woga lazima uwe wa mtu. Uji unakaa kwenye sufuria peke yake, kwa hivyo usidanganywe na u- ya uji, ukuta wala ufagio.

Kijana akaanza kunipinga, eti mbona mwalimu hakusema hivyo, mara hivi mara vile. Nikamwambia haya, bisha. Akanyamaza kidogo. "Mbishi... ubishi." Akachukua kiazi changu cha mwisho akaenda zake.