Umestaafu mapema? Vaa raba, lakini kimbia polepole

Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka 55, kazi yangu ilikuwa uuguzi, na tangu hapo swali ninaloulizwa kuliko yote huku Nyegezi, Mwanza, ni "sasa mama unashinda unafanya nini?" Jibu langu ni kwamba nakimbia, namwagilia mchicha, napika, nalala mchana, naenda jumuiya, na jua linazama bado nina vitu nilitaka kufanya. Leo nataka niongelee hasa kukimbia, zile mbio ndefu za kilomita 10, 15 mpaka 21, kwa sababu naona wenzangu wengi wakishastaafu wanakaa kwenye kiti cha barazani miguu inaanza kuvimba, presha inapanda, na wale wanaojaribu kukimbia wanaacha baada ya wiki chache wanasema mbio ni za vijana. Mi naamini kabisa wanaacha kwa sababu wanakimbia haraka mno. Hilo ndo neno langu kubwa na nitalirudia mpaka mchoke, kimbia polepole, polepole kuliko unavyodhani inafaa, utafika mbali na utabakiwa na nguvu za kuishi siku yako yote iliyobaki.

Wengi wetu mbio tulizifahamu kwenye mchakamchaka, shuleni na wengine Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na aliyebaki nyuma alikiona cha moto, kwa hiyo kichwani tumebaki na picha kwamba kukimbia ni kuhema na kuwahi. Lakini kumbukeni vizuri jamani, kwenye mchakamchaka tulikuwa tunaimba! Mtu anayeweza kuimba na kuitikia huku anakimbia huyo yuko kwenye mwendo sahihi kabisa, ndo maana tulikuwa tunaenda umbali mrefu vile bila kuanguka na wala hatukuwa wanariadha.

Kipimo changu sasa hivi ni salamu. Njia ya Malimbe kwenda Luchelele asubuhi ina watu, watoto wa shule wanasema shikamoo bibi, kina mama wa dagaa wanasema mwangaluka mayu, na salamu za Kisukuma haziishi kwa neno moja, unaulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe hata kama huna ng'ombe. Nikiweza kuitikia zote nikaulizia na za kwao bila kusimama na bila kumeza hewa, mwendo uko sawa. Nikijikuta naweza kunyanyua mkono tu, napunguza, na kama ni mlima natembea bila aibu yoyote. Hakuna haja ya saa ya bei mbaya wala apu ya simu kujua hilo.

Sababu iko mwilini. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ndani ya wiki kadhaa unasikia pumzi imefunguka na unatamani kuongeza spidi, ila kano za kisigino, magoti na mifupa vinachukua miezi kuzoea, na ukishavuka 50 vinachukua muda zaidi. Kwa hiyo pumzi inakudanganya. Unajisikia kijana wa miaka 30 wakati kisigino kina miaka yake halisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli, na ukiangalia hapo hakuna sehemu wanasema ukimbie mpaka utapike. Ukianza, tembea dakika nne kimbia moja, rudia hivyo nusu saa, siku moja ndio siku moja hapana, baada ya muda dakika za kukimbia zinaongezeka zenyewe na za kutembea zinapungua. Wiki tatu ongeza kidogo kidogo, ya nne punguza mwili ujijenge.

Ila kabla ya yote hayo nenda kapime presha na sukari, hili nalisema kama muuguzi na silisemi kwa kutishia mtu. Wapo watu wanaotembea na presha ya juu miaka na miaka hawajui, hawaumwi kichwa wala nini. Kama uko kwenye dawa, muulize daktari wako kuhusu kukimbia, na wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge watembee na pipi au sukari mfukoni maana mazoezi yanashusha sukari. Na ukisikia kifua kinabana, maumivu yanakwenda kwenye mkono au taya, jasho la baridi, kizunguzungu, hapo hakuna kujikaza, simama na uende hospitali siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Sasa raha yenyewe ya kustaafu mapema. Huku Mwanza jua linachelewa kuliko Dar, tofauti ni kama dakika 25 hivi, saa 12 asubuhi bado kuna giza wakati saa inasema kumekucha. Nilipokuwa kazini, kama ningetaka kukimbia ningelazimika kutoka gizani, na barabara ya gizani yenye pikipiki zisizo na taa sio ya mtu mwenye wajukuu. Leo hii nasubiri. Nakunywa uji kidogo, naangalia watu wakikimbilia daladala, wanafunzi wanaingia darasani, ikifika saa mbili hivi barabara inapumua na jua bado halijawa kali. Siku yangu ya mbio ndefu ni Jumatano. Jumatano! Katikati ya wiki, hakuna zamu, hakuna ripoti ya asubuhi, kuna mimi, wenzangu wachache na ziwa tu. Wastaafu wenzangu msiichukulie poa hiyo, huo ndo utajiri wenyewe tuliokuwa tunausubiri, na kiinua mgongo kinaweza kuisha lakini Jumatano inarudi kila wiki.

Siku za kawaida naenda njia za vumbi za Malimbe na Luchelele kwa sababu udongo una huruma na magoti kuliko lami. Mzee wangu hakimbii, ana baiskeli yake, ananifuata nyuma amefunga chupa za maji kwenye keria, na nawaambia ukweli tumeongea mambo mengi kwenye ile njia kuliko tulivyoongea miaka yote ya zamu za usiku. Jumatano naelekea mjini, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo, mpaka naingia mjini, kisha nashuka mpaka Kamanga pale kwenye Jiwe la Bismarck, nikiwa na nguvu nazunguka na Capri Point kwenye miti na vilima vile, mawe makubwa upande huu, ziwa upande ule, kisiwa cha Saanane kiko pale mbele unakiona. Afu sirudi kwa miguu. Huu ushauri wa bure ushikeni, mbio ndefu ikimbie upande mmoja na urudi na daladala. Unakuwa na nauli mfukoni, kanga nyepesi ya kujifunga kiunoni na kufuta jasho, unakaa dirishani unarudi nyumbani ukiangalia ulikopita, na inakuondolea ile hofu ya "nitarudije", hofu hiyo ndo inawafanya watu wasithubutu kwenda mbali. Barabara ya lami kimbilia upande wa kulia ili magari yaje mbele yako uyaone, na masikioni usiweke muziki.

Miezi ya mvua angalia ziwa kabla ya kutoka. Kanda yetu hii ina radi, mvua nyingi zinajengeka usiku juu ya maji na asubuhi zinahamia nchi kavu, ukiona kule ziwani kumekuwa kweusi na kunanguruma, kaa ndani ufanye mazoezi ya nguvu. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, kupanda ngazi, kunyanyua visigino, kusukuma ukuta, yanatosha kabisa na yanalinda magoti kuliko dawa za kuchua.

Na miguu ikiwa ya moto baada ya mbio usiende kuipoza ziwani. Najua inavutia, maji yako pale, lakini kichocho kipo Ziwa Victoria, vimelea vinatoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufukweni na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na mchana jua likiwaka ndo vinakuwa vingi zaidi. Nimewahudumia watu wazima wenye maini yaliyoharibika kwa kitu hicho, inaumiza kwa sababu dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu ikiwahiwa. Oga nyumbani.

Raba. Huhitaji mpya, Mlango Mmoja kuna mitumba mizuri, ila jua kuchagua. Bonyeza ile spongi ya katikati ya soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu haibonyei imeshakufa hata kama kwa juu inang'aa. Iweke mahali tambarare uiangalie kwa nyuma, ikilala upande mmoja achana nayo, itakulaza na wewe goti. Mbele ya dole kubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na nenda kununua jioni miguu ikiwa imetanuka kidogo. Soksi nunua mpya.

Kina mama wenzangu nina la kwenu, na nitalisema wazi maana wengi wananifuata kwa kunong'ona. Hedhi ikishakoma mifupa inapoteza ugumu wake kwa haraka kwa miaka ya mwanzo, na mifupa inataka kugongwagongwa ili ibaki imara, kutembea na kukimbia kunafanya hiyo kazi. Inataka na chokaa yake, kalsiamu, na sisi Mungu ametupa dagaa wa Mwanza wanaoliwa wazima na kichwa na miiba yao, pamoja na maziwa mgando, tunahangaika na vidonge vya nini? La pili ni mkojo kuponyoka ukikimbia au ukicheka. Ni kawaida sana kwa tuliozaa, sio laana na sio sababu ya kuacha mbio. Kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, hata ukiwa unachambua mchele. Inachukua miezi mitatu hivi kuona tofauti, usikate tamaa mapema, na ikigoma nenda kliniki. Vaeni trakisuti na sidiria inayobana vizuri, na vijana wa bodaboda wakiongea waacheni waongee, baada ya wiki mbili wanakuzoea wanaanza kukusalimia.

Chakula sijabadilisha kitu kikubwa. Kabla ya mbio ndefu nakula matobolwa mawili matatu na chai, ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, nguvu yake inakaa muda mrefu. Nikirudi ni uji wa ulezi, mchana ugali na sato au dagaa na mlenda, na maji nakunywa mpaka mkojo uwe mweupe. Afu nalala. Usingizi wa mchana mwili unauhitaji katika umri huu, jipeni ruhusa.

Huu usiku nao umebadilika, nalala saa tatu na nusu kwa hiari yangu, mimi niliyekuwa siwezi kulala bila redio kwa sababu ya kuzoea zamu. Na hasira zimepungua. Kipindi cha kwanza baada ya kustaafu watu wanakuja na mawazo ya biashara, nunua bajaji, ingia kwenye dagaa, nikopeshe nitarudisha, na ukiwa umekaa tu nyumbani ni rahisi kukubali kila kitu kwa sababu unataka kujisikia una kazi. Mimi jibu langu lilikuwa "ngoja nikimbie kwanza kesho nitakujibu", na kilomita za taratibu zinachambua mambo, nikirudi najua kabisa lipi la kukataa.

Kuhusu mashindano. Sisi wa kanda ya ziwa tulikua tukisikia jina la Suleiman Nyambui wa Majita, medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, na mwaka 2025 Alphonce Simbu akachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote saa 2:09:48, wakatenganishwa kwa picha ya kwenye mstari wa kumalizia. Huyu huyu Simbu alipata shaba kwenye mashindano hayohayo ya dunia London mwaka 2017, yani miaka minane katikati anaendelea kufanya kazi yake. Mimi nililia mbele ya tivii. Kwetu sisi mashindano ni sherehe, Rock City Marathon iko hapa hapa kwetu na Kili Marathon iko Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Anza na ile mbio fupi, mwaka mwingine ndo uende 21. Siku hiyo usivae raba mpya, usile kitu hujazoea, na watu wakitimua mbio pale mwanzo waache waende, wengi wao utawakuta wanatembea kilomita ya 12 na utawapa pole kwa sauti nzima.

Walioko Nyegezi, Malimbe na Butimba, tuko kina mama kadhaa na mababu wawili tunakutana Jumatano saa mbili kasoro pale njia panda ya kwenda Malimbe. Anayetembea tu anakaribishwa, tunamsubiri. Njoo na maji yako na nauli ya kurudia.