Jibu: QEMU ikiganda, usiwashe ingine haraka

Mdogo wangu, nimesoma ile msimbo yako ya kuchunga QEMU (programu inayoendesha kompyuta pepe za wateja) mstari kwa mstari. Unatuma query-status, ni kusema unaiuliza hali yake, mu soketi ya QMP (njia ya kuipa QEMU amri), jibu lisipokuja mu sekunde 5 unapiga SIGKILL (ishara ya kuua prosesi kwa nguvu) na palepale unawasha QEMU ingine na diski ileile, na unauliza kama iko sawa kuiingiza mu mradi. Kwangu bado.

Hapa Goma umeme ukikatika swichi ya mtandao inazima kwanza, basi diski za NFS (zile tunazifikia kupitia mtandao) zinaganda na prosesi inabaki mu hali ya D (inangoja diski tu), hapo hata SIGKILL inaweza kushindwa kuiua mpaka diski ijibu, lakini msimbo wako unaamini imekufa! Diski zikija kuamka, QEMU zote mbili, ya zamani na mpya, zinaandika pamoja na faili za mteja zinaharibika kabisa, na hizo hazirudi. QEMU yenyewe inaweka kufuli ku diski ili ingine isiiandike, tangu toleo 2.10 ya mwaka 2017, sasa nimeona umeweka locking=off, ni kusema umezima hiyo kufuli, juu ilikuwa inakukatalia kuwasha, na hapo njo nimeogopa kweli. Ilikuwa inakukatalia kwa haki.

Itoe hiyo locking=off. Kisha baada ya SIGKILL ungoje na waitpid (amri ya kungojea prosesi) mpaka prosesi iishe kweli, ikikatala kuisha usiwashe kitu, mwite mtu. Sekunde 5 pia ongeza, weka hata 60. Nitumie tena, nitaisoma leo usiku.